Bastola ikishatua, nani anaishika?

Januari 6, 2017, abiria mmoja alishuka Fort Lauderdale, Florida, akitokea Anchorage, Alaska, kupitia Minneapolis. Mzigo aliokabidhi kaunta ulikuwa mmoja tu: kasha la bastola. Ndani mlikuwa na Walther ya milimita 9 pamoja na risasi zake. Aliitangaza kule Anchorage kama inavyotakiwa, kasha likapokelewa, ndege ikaruka. Alipofika alisubiri kwenye mkanda wa mizigo wa Terminal 2 kama abiria wenzake, akachukua kasha lake, akaingia nalo chooni, akajaza risasi, kisha akatoka na kuanza kuwapiga watu waliokuwa wakingojea mabegi. Watano walikufa, sita wakajeruhiwa kwa risasi. Mwaka 2018 alihukumiwa vifungo vitano vya maisha na miaka 120 juu yake.

Mpaka anafika kwenye mlango wa kile choo, mtu huyu hakuwa amevunja kanuni hata moja ya usafiri wa anga. Hilo ndilo linalonisumbua kila ninapourudia mfumo wa Marekani wa kusafirisha bastola kwa ndege za abiria. Ni mfumo uliofikiriwa vizuri kuanzia kaunta hadi magurudumu yanapogusa ardhi. Baada ya hapo hakuna mtu mmoja ambaye sheria ya nchi nzima imemkabidhi jukumu. Silaha inatoka mikononi mwa shirika la ndege, inawekwa kwenye mkanda unaozunguka, na wa kwanza kuinyanyua ndiye anayeondoka nayo.

Kanuni zenyewe zinaeleweka. Bastola isafiri bila risasi ndani yake, ikae kwenye kasha gumu lenye kufuli, na kasha hilo liende chini na mizigo mingine. Kabini haliingii kwa hali yoyote. Ni lazima umwambie mhudumu wa kaunta kwa kinywa chako kwamba una silaha. Kwa kawaida atakupa kadi utie saini kuthibitisha kwamba haina risasi, na kadi hiyo itasafiri na mzigo. Ufunguo wa kasha, au namba za kufuli, unabaki nao wewe. Risasi zinafungwa kwenye boksi lililotengenezwa kwa ajili yake, na mashirika mengi hayapokei zaidi ya kilo 5. Kasha lazima lizibe kabisa. Lile boksi la plastiki ulilopewa dukani siku uliponunua bastola mara nyingi halifai, kwa sababu ukilifunga kwa kufuli moja katikati, pembe zake zinapanuka ukizivuta na vidole vinapenya. Watu wamekwama kaunta kwa jambo hilo tu, ndege ikawaacha, ilhali kila kitu kingine kilikuwa sawa.

Wapo hata wapiga picha wanaotumia kanuni hii kwa faida yao. Wanaweka bastola ya kuanzishia mbio ndani ya sanduku la kamera, kwa sababu nayo kisheria inahesabiwa silaha, na sanduku lenye silaha linapewa uangalizi kuliko begi la nguo. Kamera zinafika. Sioni ushahidi mzuri kuliko huo kwamba upande wa kuondokea unafanya kazi.

Habari zinazovuma zaidi ni za bastola zinazonaswa kwenye mabegi ya mkononi. TSA, wakala wa serikali unaokagua abiria, ilinasa 6,737 mwaka 2023 na 6,678 mwaka 2024, na zaidi ya tisa katika kila kumi zilikuwa na risasi. Uwanja wa Atlanta umezoea kushika nafasi ya kwanza. Maelezo ya wenyewe hayabadiliki: nilisahau kama imo. Ni uzembe mkubwa, na sina huruma nao. Mtu asiyejua bastola yake iko wapi hastahili kuwa nayo. Lakini hizo ni silaha zilizoonekana. Mashine iliziona, mwenyewe akatozwa faini inayoweza kuzidi dola 14,000, ndege ikaondoka bila bastola. Macho yote yameelekezwa kwenye mlango ambao tayari una mlinzi.

Msomaji aliyezoea Julius Nyerere pale Dar es Salaam au Jomo Kenyatta pale Nairobi huenda asione ubaya wa mkanda. Kwetu waliokuja kupokea wageni wanabaki nje, nyuma ya kizuizi, na ukumbi wa mizigo ni wa abiria waliotoka kwenye ndege. Safari za ndani za Marekani hazina mpangilio huo. Mkanda uko upande wa umma. Milango ya barabarani inafunguka yenyewe, aliyekuja kumpokea shangazi yake anasimama hapo hapo mabegi yanapotokea, haulizwi tiketi, na hakuna anayelinganisha tagi ya begi na kipande ulichopewa ulipoondokea. Mtu anaweza kushuka kwenye basi la mjini, akavuka njia, akanyanyua begi lisilo lake na kuondoka. Mara nyingi atakuwa ameiba suruali na chaja ya simu. Siku akibahatika, ameiba bastola na boksi la risasi.

Baada ya mauaji ya Fort Lauderdale, shirika la Delta, ambalo ndilo lililombeba mtu yule, lilibadili utaratibu wake mwaka huo huo. Mzigo wenye silaha ukaanza kufungwa kwa vibano vya plastiki na kukabidhiwa mwenyewe kwenye ofisi ya mizigo baada ya kuonyesha kitambulisho. Hatua njema kabisa, na ilichukuliwa na kampuni ya biashara. Serikali kuu haikuigeuza kuwa kanuni kwa wote. Kwa hiyo leo bastola yako kukabidhiwa mkononi au kuachwa izunguke mbele ya umati kunategemea tiketi uliyokata na uwanja uliotua.

Watetezi wa silaha husema tatizo la Fort Lauderdale lilikuwa mtu mwenyewe. Hawakosei. Novemba 2016 aliingia kwa miguu yake katika ofisi ya FBI mjini Anchorage akidai serikali inaitawala akili yake. Polisi walichukua bastola yake, na Desemba wakamrudishia. Hapo palikuwa na nafasi ya kumzuia, na ilipotea. Lakini mhudumu wa kaunta hana faili la mtu yeyote. Anaona kasha, kufuli na kadi iliyosainiwa. Tukikubali kwamba kaunta haiwezi kumpima mtu, basi mfumo usiwe unamtegemea mtu huyo huyo asiyepimwa kuwa mtulivu katikati ya umati akiwa na bastola na risasi zake kwenye mkono mmoja.

Sasa tazama kisa cha upande wa pili kabisa, ambacho watetezi wa haki ya silaha hukitaja kwa uchungu. Mwaka 2005 mkazi wa Utah alipanda ndege Salt Lake City akielekea Allentown, Pennsylvania, kwa kubadilisha ndege Newark, New Jersey. Bastola yake ilikuwa kwenye kasha, imefungwa, imetangazwa. Ndege ilichelewa, akakosa ya kuunganishia. Akapangiwa basi, lakini begi lake halikuwemo ndani ya basi lile. Akashuka kulifuatilia, basi likaondoka. Alipolipata usiku ulikuwa umeingia, akaenda nalo hotelini. Asubuhi alirudi uwanjani na kufanya kile ambacho kanuni inamwagiza: akamwambia mhudumu kwamba ana bastola. Askari wakaitwa. New Jersey hakuwa na kibali, akawekwa rumande siku kadhaa. Mashtaka yalifutwa baadaye, naye akashtaki, akashindwa.

Alishindwaje, wakati tangu 1986 kuna sheria ya shirikisho inayomruhusu msafiri kupita na silaha katika jimbo lisiloiruhusu, mradi inakotoka na inakoenda ni halali? Sheria hiyo inataka silaha iwe haina risasi na isiwe mahali ambapo msafiri anaweza kuifikia kirahisi. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tatu ilisema mwaka 2010 kwamba usiku ule hotelini begi lilikuwa mkononi mwake, kwa hiyo ulinzi wa sheria ulikoma. Majaji walikiri kwamba alitumbukia katika hali ngumu bila kosa lake, na wakasema msafiri aliyekwama anaweza kwenda kwa askari wa uwanja au wahudumu kabla ya kulichukua begi. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuisikiliza kesi.

Upande mmoja hulilia Fort Lauderdale, upande mwingine hulilia Newark, na kila mmoja anaona kisa cha mwenzake kinaharibu hoja yake. Mimi naviona vimeingilia tundu moja. Katika visa vyote viwili silaha iliyosafiri kwa utaratibu ilirudishwa mikononi mwa abiria mahali na wakati ambapo haikupaswa kurudi, kwa sababu tu hapakuwa na mtu wa kukaa nayo. Kungekuwa na ofisi yenye askari inayopokea silaha kutoka kwenye ndege na kuishikilia mpaka mwenyewe aje kuichukua, au mpaka ndege yake inayofuata iondoke, msafiri wa Utah angelala hotelini bila bastola na kuamka bila pingu. Na muuaji wa Fort Lauderdale angekabidhiwa kasha lake na mtu mwenye sare anayemtazama usoni, mbali na wale watu walioinamia mabegi yao.

Wanaojua yaliyotokea Newark wanajua pia kuiogopa New York. Sheria ya jinai ya jimbo hilo inaihesabu bastola kuwa imejazwa risasi hata kama chumba chake ni kitupu, ikiwa anayeimiliki ana wakati huo huo risasi zinazoweza kutumika humo. Yaani kasha lile lile lililokubaliwa Dallas, lenye bastola tupu na boksi la risasi pembeni, likiwa mkononi mwako JFK au LaGuardia bila kibali cha New York linaweza kukuletea shtaka zito ambalo kifungo chake cha chini ni miaka 3 na nusu. Viwanja vyote viwili viko Queens, sehemu ya Jiji la New York, na waendesha mashtaka wa Queens wamezizoea kesi za wageni waliokuja kutangaza silaha yao kaunta ili warudi nayo nyumbani. Nyingi humalizika kwa kukiri kosa dogo. Mmarekani mzaliwa analipa, anaondoka na hadithi ya kusimulia.

Ndugu zetu wenye green card hawana anasa hiyo, na hapa nataka nieleweke vizuri. Waswahili wanaoishi Texas, Ohio, Minnesota na kwingineko, wakiwemo Wakongo waliokuja kama wakimbizi na wenzetu wengi waliopata bahati nasibu ya viza, wanaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumiliki bastola wakishapata ukaazi wa kudumu. Wapo walionunua kwa sababu ya kazi za ulinzi, wapo wenye maduka, wapo walioipenda tu. Lakini sheria ya uhamiaji imeweka kosa la silaha miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha nchini mtu asiye raia, na haidai liwe kosa kubwa. Wakili wa zamu anayekushauri ukiri ili umalize leo hii huenda hajui kwamba sahihi yako inafungua faili la pili katika mahakama ya uhamiaji. Mwambie una green card kabla hujakiri chochote. Aliye huko kwa viza ya masomo au ya matembezi ana katazo kali zaidi: kwa kawaida hatakiwi hata kuishika silaha, isipokuwa kwa masharti machache kama ya mwenye leseni ya uwindaji.

Kwa anayetoka Marekani kurudi nyumbani kusalimia, jibu langu ni fupi: bastola ibaki. Ile sheria ya 1986 inaishia mpakani. Ukipitia London, unapita nchi iliyopiga marufuku karibu bastola zote za raia mwaka 1997, baada ya mauaji ya watoto wa shule huko Dunblane mwaka uliotangulia. Ukifika Tanzania au Kenya bila kibali kilichotolewa mapema, huna cha kujitetea nacho. Kwamba uliinunua kihalali Houston hakumhusu askari aliye mbele yako. Na usijipe moyo kwa kuacha bastola tu. Mwaka 2024 Wamarekani kadhaa walikamatwa katika visiwa vya Turks and Caicos kwa risasi chache zilizosahaulika kwenye mabegi, katika nchi ambayo kosa hilo lilikuwa na kifungo cha chini cha miaka 12. Mahakama iliwapa vifungo vilivyoahirishwa, na mwezi Juni mwaka ule visiwa vikarekebisha sheria, lakini walikuwa wameshakaa huko wiki nyingi wasijue hatima yao. Begi ulilowahi kwenda nalo kwenye uwanja wa shabaha usisafiri nalo nje ya nchi. Risasi huingia kwenye mishono, huteleza chini ya kitambaa cha ndani, na unaweza kulikung'uta begi zima isidondoke.

Tukitafuta mfano wa makabidhiano ninayoyasema, hatuhitaji kwenda mbali. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini Tanzania imeendelea kupokea wawindaji wa kitalii wanaoshuka na bunduki zao. Anayefika Kilimanjaro na raifeli haichukui na kwenda zake. Kibali kimeombwa kabla hajapanda ndege, na anapofika bunduki inafunguliwa mbele ya maofisa, namba yake inasomwa na kulinganishwa na iliyo kwenye karatasi, risasi zinahesabiwa. Mwenyeji kutoka kampuni ya uwindaji huwa hapo kumsaidia. Najua wawindaji ni wachache, na bastola zinazosafiri Marekani ni nyingi mno kulinganisha. Ninachotaka kionekane ni pahali: silaha na mwenyewe wanakutana mbele ya mtu wa tatu mwenye mamlaka, na anaandika.

Pingamizi la kwanza nitakaloletewa ni la wizi, na ni la haki. Zamani mzigo wenye bastola uliweza kubandikwa alama inayoonekana kwa nje, na alama hiyo ilimwambia mwizi aanzie wapi. Sheria ya Brady ya mwaka 1993 ikapiga marufuku shirika la usafirishaji kulazimisha alama ya namna hiyo. Wanaopinga utaratibu maalumu wanasema utarudisha tatizo lile kwa mlango wa nyuma: kila mbeba mizigo atajua kilichomo. Na wabeba mizigo wasio waaminifu wapo kweli. Desemba 2014 ilifichuka kwamba mfanyakazi wa mizigo huko Atlanta alikuwa akisaidia kupitisha bunduki kwa makumi hadi kwenye ndege za New York, kwa kutumia kitambulisho chake cha kazi kukwepa ukaguzi.

Lakini ofisi ya makabidhiano haihitaji kibandiko. Tagi ya begi ina namba, namba iko kwenye kompyuta, na kompyuta inaweza kulielekeza begi ofisini bila kumtangazia mtu yeyote kilichomo. Tena mwizi wa ndani anapenda mzigo usio na saini. Silaha inayopokelewa kwa sahihi kaunta, kwa sahihi inaposhuka na kwa sahihi inapokabidhiwa ikipotea, inajulikana imepotelea kati ya nani na nani. Ya leo ikipotea, shirika linasema liliweka kwenye mkanda, abiria anasema haikutoka.

Palepale warekebishe na suala la kufuli. TSA inakubali kasha la silaha lifungwe hata kwa yale makufuli yanayofunguliwa na funguo zake za jumla. Picha za funguo hizo zilisambaa mtandaoni, na mwaka 2015 watu wakawa wanazichapisha nyumbani kwa mashine za 3D. Kufuli la namna hiyo linafaa kwa begi la kanga na viatu. Kwenye bastola likatazwe kwa maandishi.

Pingamizi la pili ni kwamba mwenye nia mbaya atapewa kasha ofisini, atatoka nje, atajaza risasi kwenye maegesho na kurudi. Inawezekana. Hata hivyo atakuwa ameshatazamwa na askari, ameonyesha kitambulisho, na ametembea hatua mia kadhaa na dhamira yake. Wapo watakaozitembea hizo hatua. Ningependa watu wanaongoja mabegi wapewe dakika hizo.

Linabaki la gharama, ambalo naliona jepesi kuliko yote. Mashirika haya yanatoza begi la kawaida, yanatoza zaidi likizidi uzito, na kasha la bastola yanalihesabu kama begi jingine lolote. Mwenye bastola alipie makabidhiano yake kwenye tiketi, na uwanja upate fungu la kumweka askari katika saa ambazo ndege zenye mizigo hiyo zinatua. Kompyuta inazijua saa hizo tangu abiria alipotia saini kule alikotoka. Kwa upande wa Bunge la Marekani kazi ni kuongeza fungu moja kwenye sheria ya 1986, liseme kwamba silaha iliyo chini ya ulinzi wa uwanja kati ya ndege moja na nyingine haijamfikia mwenyewe, hata kama yeye amelala Newark, JFK au popote safari ilipokatikia. Wabunge wa Utah na wa New York wanaweza kulipigia kura fungu hilo pamoja bila upande wowote kuacha msimamo wake kuhusu bastola zenyewe.